Karata Niliyoitupa Mwaka wa Ndiga

Mwaka wenyewe siujui kwa namba, mwanangu, naujua kwa sufuria. Ni mwaka tuliokula ndiga. Mvua ilikuwa imegoma, mihogo yetu tuliiacha mahame tulipohamishiwa kijijini na nguruwe wakaimaliza, na ule unga wa njano wa msaada ulikuwa bado haujafika Kisarawe. Ukimkuta mtu wa kwetu Chole wa rika langu mtajie tu mwaka wa ndiga, utaona anavyomeza mate, na si kwa uchu. Nakumbuka siku moja ya mwaka huo kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa. Nimeificha miaka hamsini. Nakupa wewe leo kwa sababu wiki iliyopita ulinijia na karata zako mpya ukaniambia, "Bibi, nifundishe kutupa. Kila Jumamosi wenzangu wa kazini wananifunga, wanasema sijui kutupa."

Nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinauma.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, tukisomea kwenye ghala la korosho, na mpaka leo zinakwenda upande. Wewe una shahada na kiti kinachozunguka ofisini hapa Kibaha, jambo ambalo kila jirani ameshalisikia kwangu mpaka amechoka, kwa hiyo utazisoma tu. Soma mpaka mwisho, maana mambo ya karata yako humu na mengine yako humu pia, na mimi sijui kuyatenganisha.

Ndiga ni kiazi cha porini, kina nywele kama kidevu cha mzee, na kina sumu. Ukikila hivi hivi kinakulevya, unatapika, unalala, na wengine hawaamki. Kwa hiyo unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye tenga, na tenga unalizamisha kwenye maji yanayokwenda. Maji ndiyo yanayoitoa sumu. Kama maji ni safi, siku tatu zinatosha. Lakini kama mwenzio ameweka tenga lake juu yako, uchafu wake wote unapita kwenye tenga lako, na hapo hesabu siku tano. Mwamuzi ni ulimi. Gusa kipande na ncha ya ulimi. Ukiwasha, rudisha majini, hata kama watoto wanalia.

Kijito chetu mwaka ule kilikuwa kimebaki uzi. Palikuwa na mahali pamoja tu pazuri, pale juu penye jiwe. Asubuhi hiyo tulifika nyumba mbili kwa pamoja, kila mtu na tenga kichwani. Upande mmoja mimi na mke mwenzangu. Upande wa pili Tausi na mdogo wake Mwajuma, majirani zetu.

Mke mwenzangu ndiye huyu Bi Mwanahawa unayemwita Bibi Mkubwa. Yeye alikuwa mke wa kwanza wa babu yako, mimi wa pili, nina miezi mitatu tu ndani ya nyumba, hina haijatoka kuchani. Watu walikaa wakisubiri tukwaruzane. Wakasubiri sana. Yeye aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita Dada, na babu yako alipokwenda kutafuta kibarua bandarini Dar es Salaam tulilala kitanda kimoja na mtoto wake katikati. Mtoto aliitwa Siwema. Alikuwa na miaka minne, na asubuhi ile alikuwa na swali moja tu: "Mama, leo tunakula?"

Nguvu za kugombana hakuna aliyekuwa nazo. Tausi akatua tenga, akatoa karata kwenye pindo la kanga. Kila mwanamke aliyelinda tenga alikuwa nazo za kupitishia muda, maana ukiliacha, mbuzi atakufa kwa kula au mwizi atakula akafa, na kote utaulizwa wewe. Akasema, "Tusitoane macho kama kunguru. Karata iamue. Mchezo mmoja, anayefungwa anashuka chini."

Dada akamtazama Siwema aliyelala juu ya kanga, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Haya."

Mchezo ni wahedi na sitini, huohuo mnaoucheza ninyi. Karata arobaini, wawili kwa wawili, mwenzio anakaa mbele yako. Ree ina kumi na moja, saba ina kumi, mzungu wa nne ana nne, wa tatu ana tatu, wa pili ana mbili, na zinazobaki ni garasa, hazina kitu. Jumla ni mia na ishirini, na mwenye sitini na moja ameshinda. Turufu, ile inayokula nyingine zote, siku ile ilikuwa kopa.

Nilikuwa najua kucheza, mwanangu. Sijidai. Nilichokuwa sijui ni kunyamaza. Nikila nacheka, nikiliwa nanuna, na kila karata naiweka kwa kuipiga chini ili watu wajue imewekwa na nani.

Tausi akasema, "Bi harusi, inua macho, hiyo karata si kioo."

Mwajuma akadakia, "Mwache, anatazama kama bado mzuri."

"Mzuri yupo," Dada akasema. "Cheza wewe, tenga lako linakauka."

Nami, na tumbo langu tupu lile, nikasema, "Leo nakula mpaka hiyo kanga uliyovaa."

Tukacheka wote wanne. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kucheka mwaka ule.

Tukafika mwisho, kila mtu amebaki na karata mbili. Mimi nina mzungu wa nne wa pau na garasa moja ya shupaza. Anayeanza ni Dada, anafuata Mwajuma, kisha mimi, Tausi wa mwisho. Dada akaweka mzungu wa tatu wa kopa, turufu. Mwajuma akatupa garasa. Ikawa zamu yangu.

Hapa ndipo nataka ukae, usipapite mbio. Mwenzangu anakula, na mwenzako akila unampelekea pointi, hilo hata mtoto analijua. Turufu pekee niliyoiogopa kwamba ingemla mzungu wake ni ree ya kopa. Nami kichwani nilikuwa nayo picha ya ree nyekundu iliyotoka mapema, naiona kabisa, Mwajuma akiifagia. Nikasema moyoni, ree imekwenda, hapa hakuna wa kutugusa. Nikainua mkono juu nikapiga mzungu wa nne chini, mpaka Siwema akashtuka.

Ree niliyoiona imekwenda ilikuwa ya uru. Nayo ni nyekundu.

Tausi hakufanya haraka. Aliilaza ree ya kopa juu ya zote kama anayemlaza mtoto, akasema, "Mwenzio katuletea mchuzi, wewe umetutilia na nyama. Ahsante, bi harusi."

Karata ya mwisho Dada alikula yeye. Alikuwa na saba ya turufu. Ndiyo nikaelewa. Yule mzungu wa tatu alikuwa chambo. Alijua ree haijatoka, alijua iko kwa Tausi, alijua Tausi hawezi kukaa na ree mkononi, inamuwasha. Alimtoa mzungu mdogo ili ree itoke na saba ipite salama. Alichohitaji kwangu ni garasa tu. Ile garasa yangu isiyo na kitu, ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Tukahesabu. Wao sitini na moja, sisi hamsini na tisa. Mzungu wangu ningemshika, angeingia kwenye karata ya mwisho, kwetu, tungekuwa sitini na tatu. Dada alihesabu mara mbili kwa kidole. Kisha akainuka, akachukua tenga letu, akalishusha chini. Ningependa angenitukana.

Siku ya tatu moshi ulitoka kwa kina Tausi. Tausi hakuwa mtu mbaya. Alileta kibakuli kwa ajili ya mtoto, na Siwema akakiramba, na tumbo lililoonja likazidi kulia kuliko lisiloonja. Siku ya nne asubuhi tulikwenda kijitoni. Dada akatoa kipande, akakigusa na ulimi. Akakaa.

"Unawasha?" nikamwuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kidogo, au kidogo kweli?"

"Kidogo, mdogo wangu."

Hakuna aliyesema turudishe. Tulipika, tukala wote, jua likiwa bado halijapanda. Mimi na Dada tulitapika, tukalewa, dunia ikazunguka. Adhuhuri tukaamka. Siwema hakuamka.

Wakati wa kumwosha nilipiga magoti mbele ya wanawake nikasema mimi ndiye. Dada akasema, "Mimi ndiye niliyepika." Nikasema, "Mimi ndiye niliyetupa." Wanawake hawakuelewa nimetupa nini, wakadhani ni ndiga inazungumza. Dada alielewa. Akaendelea kumwagia mtoto wake maji.

Arobaini ilipokwisha nilifunga nguo zangu nirudi kwetu, sikuwa na uso wa kubaki. Nilipotoka chumbani nikamkuta ametandika jamvi, na karata ziko katikati.

"Kaa," akasema.

"Dada, sitaki hata kuziona."

"Mwenye haki ya kutotaka ni mimi. Kaa."

Nikakaa. Akazitandaza zote arobaini, wazi. Akaniuliza, "Siku ile, ree ya kopa ilikuwa imetoka?"

"Nilidhani imetoka."

"Nani alikutuma udhani? Karata zilizokwenda hazidhaniwi, zinakumbukwa. Wewe ulitupa ili uonekane unatupa. Hukunitazama mimi, hukumtazama Tausi, ulitazama mkono wako." Kisha akazikusanya, akazichanganya, akasema, "Utajifunza. Na utajifunza kwangu, maana mimi sina mwingine wa kucheza naye."

Hilo ndilo karipio nililopewa kwa mtoto aliyekufa. Hakuongeza jingine mpaka leo. Mara nyingi nimetamani angeongeza.

Akanifundisha, na mimi nakufundisha wewe kama alivyonipa. Kwanza hesabu turufu, ziko kumi. Kila inayotoka iite jina lake moyoni, kopa sema kopa, uru sema uru, usiseme nyekundu. Jicho lina haraka, linakudanganya. Kisha mjue aliye nyuma yako. Mwenzako anapokula na adui hajacheza bado, mkono wako usifunguke. Tupa garasa. Utaona uchungu, utaona unamnyima mwenzako, vumilia huo uchungu. Mpelekee pointi wakati anayecheza mwisho ni wewe, au wakati una uhakika wa kuapia kwamba kubwa zote zimekwenda. Na garasa zenyewe usizidharau. Wajinga huzitupa zote mwanzoni wapate mkono mzuri wa kutazama, halafu mwishoni adui anakula na wao hawana kitu cha kumpa isipokuwa saba. Bakiza garasa moja mpaka mwisho. Mimi hubakiza moja mpaka leo hata pale isipohitajika, mkono hautulii bila hiyo.

Na muangalie adui asichotupa. Mtu akitoa pau, akatoa shupaza, akatoa uru, kopa hatoi, basi anaitunza, na anaitunzia wewe. Ukishakosea usimtazame mwenzako usoni kutafuta msamaha. Tazama mezani, maana bado kuna karata. Mimi nilimtazama Dada usoni siku ile, na ndiyo maana hata garasa yangu ya mwisho sikumbuki niliiwekaje.

Tangu hapo tulicheza miaka hamsini, mimi na yeye, mbele kwa mbele. Chole nzima ilituogopa. Wanaume waliacha bao lao wakaja kutazama. Alikuwa anaweza kukwambia karata ya nne iliyotoka ni ipi na nani aliitoa akiwa anapepeta mchele. Hakuzaa tena. Mimi nilizaa watano, na huyo baba yako alikaa mgongoni kwake kuliko mgongoni kwangu, alimwita Mama Mkubwa kabla hajajua kuniita mimi.

Sasa umemwona mwenyewe. Mlituleta hapa Kibaha, mkatupa chumba kizuri chenye feni, nashukuru. Lakini Dada amekuja hapa bila kichwa chake. Zile karata zilizokwenda zimekwenda kweli, pamoja na majina ya watu, pamoja na njia ya chooni. Jana nilimwekea karata mkononi, akazishika mgongo mbele. Nikamtolea garasa, akatupa ree juu yake. Nikatoa garasa nyingine, akatupa saba, na ilikuwa ya turufu. Akatupa zote, kama anayefagia uwanja, kisha akakaa na mikono mitupu akinitazama kwa adabu kama mgeni. Yeye. Aliyenifundisha.

Na kila siku baada ya chakula ananiuliza, "Siwema kala?"

"Kala, Dada."

"Kala nini?"

"Wali."

"Alhamdulillahi," anasema, na analala. Kwa miaka hamsini hakulitaja jina hilo mbele yangu. Sasa analitaja kila siku na mimi namdanganya kila siku. Ningesema kweli, angefiwa upya kila mchana. Sijui kama hili ni dhambi. Nimechoka kuliuliza.

Jumapili baba yako alinikalisha. Aliongea vizuri, nilimlea vizuri. "Mama, umechoka. Mama Mkubwa ana mpwa wake kule Ruvu, ndio damu yake. Jumamosi gari litakuja limchukue. Wewe utapumzika, utakaa na wenzio." Wenzio ni kina Mama Neema wa nyumba ya pili, wastaafu wa serikali, wanacheza barazani kila alasiri na wamepungukiwa mtu mmoja. Jioni ileile Mama Neema alipita langoni, labda alitumwa, labda hakutumwa. Mwanamke mwema, anaimba kwaya, ana sauti ya kukubembeleza.

"Shikamoo, Bibi. Wanasema Chole nzima ulikuwa unawafunga. Njoo ukae na sisi, mimi nitakuwa mwenzako."

"Marahaba, mama. Nina mwenzangu."

"Si yule mgonjwa? Yule tumwache apumzike, Bibi. Hata karata hazijui tena."

Nikamjibu, "Nina mwenzangu. Sichezi na mwingine." Akanisikitikia, akaenda zake.

Baba yako anasema yule ni mke mwenza tu, ana ndugu zake. Kweli ana mpwa. Mtoto hana. Angekuwa naye, angekuwa mama wa watu wazima sasa, angekuwa na chumba chake na feni yake na hakuna gari ambalo lingetumwa. Anayejua kwa nini hana ni mimi peke yangu, maana hata yeye sasa hajui. Baba yako sikuwahi kumwambia. Msomee hii karatasi, mimi mdomo wangu hautafika.

Nimekaa siku nne nikitafuta la kutupa hapa. Mimi, mjuzi wa kutupa. Sina garasa, mwanangu. Nikimwacha aende, nimemtupa kama nilivyotupa siku ile, ili watu waone bibi amepumzika. Nikimng'ang'ania, naing'ang'ania nyumba isiyo yangu, natazamana na mwanangu wa kumzaa. Na nikishinda, nitashinda nini? Atakufa bila kunijua, hapa au Ruvu. Hakuna sitini na moja kwenye mchezo huu. Nimehesabu mara mbili kwa kidole.

Kwa hiyo shika haya. Kabla hujatupa, kumbuka zilizokwenda, moja moja, kwa jina. Mjue aliye nyuma yako. Usitupe ili uonekane. Mpe mwenzako garasa anapohitaji garasa, usimpe mzungu kwa sababu unataka kujisikia mkarimu. Na ukikosea, kaa jamvini, usifunge nguo zako ukimbie. Akitokea mtu wa kukwambia kaa, basi kaa naye mpaka mwisho wake, hata akisahau kwa nini alikukalisha.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mtulivu na kumbukumbu ndefu. Akupe mwenza wa kukaa mbele yako. Watoto wako wale, walale, waamke. Nimekubariki kwa kinywa hiki ambacho hakijawahi kukwambia neno baya.

Mwambie baba yako furushi langu nimeshalifunga, liko nyuma ya mlango pamoja na la Dada. Jumamosi gari likija, litafute nafasi mbili au lirudi tupu. Na Mama Neema akikuuliza tena langoni kama bibi yako amebadili mawazo, usimtafutie maneno mazuri ya ofisini, mpe yangu kama yalivyo: Nina mwenzangu. Sichezi na mwingine.